Chachu Iliyopanda Ndege

Marcella alijua kwamba hewa nayo huuzwa siku alipopeleka katoni ya unga kwa Runji, wakala wa mizigo ya ndege katika mtaa wa Dallas mjini Embu. Maishani alikuwa amelipia vitu vingi, vingine vibovu kabisa, lakini hewa hakuwahi.

"Mama, iko uzito ya mizani na iko uzito ya nafasi," Runji alimweleza, futi kamba mkononi. "Ndege inalipisha ile kubwa. Katoni yako ni kubwa lakini ndani haijajaa."

"Kwa hivyo nalipia hewa."

"Unalipia nafasi."

"Na hiyo nafasi iko na nini ndani?"

Runji alifikiri kidogo. "Hewa," alikubali.

Marcella alimgeukia mumewe, Mwalimu Ndambiri, aliyekuwa ameketi kwenye benchi na kofia yake magotini. "Umesikia, Baba Karimi? Hewa ya Kianjokoma tumepumua bure tangu unioe. Leo tunaipeleka Kanada kwa pesa." Akaifungua katoni palepale, akavua sweta yake ya kijani, ile iliyokosa kifungo kimoja, akaishindilia pembeni mpaka pakajaa. "Kama nimelipia, nitaijaza."

"Utarudi nyumbani na baridi," Mwalimu alisema.

"Baridi ni yangu. Hewa ni ya ndege."

Runji alifunga katoni kwa utepe, akachukua kalamu. "Sasa niambieni kuna nini humu."

"Unga wa wimbi na mtama. Maharagwe ya njahi. Ndizi za kukaushwa. Kitambaa cha kichwa cha kikundi chetu cha akina mama. Na sweta, hiyo umeona."

"Kuna kitu ya majimaji? Mafuta, asali, maziwa?"

"Hakuna," Marcella alisema, akaiangalia kalenda iliyokuwa ukutani.

Mwalimu Ndambiri akaweka sahihi chini ya orodha hiyo. Huyu ni mtu aliyefundisha shule ya msingi mpaka akastaafu bila kurudi nyumbani hata siku moja na chaki ya serikali mfukoni, na jina lake aliliandika polepole, kwa heshima, kama mtu anayeandika ubaoni. Asingeliandika hivyo kama angejua kwamba katikati ya ule unga, ndani ya kile kitambaa, mkewe alikuwa ameficha chupa ya jemu iliyojaa chachu ya uji, na kwamba kifuniko alikikaza mpaka viganja vikamuuma.

Tusimhukumu kabla hatujasikia kesi yake. Karimi, binti yao wa pekee, alikuwa amejifungua huko Kanada wiki hiyohiyo. Mama mzazi ndiye humpelekea mwanawe uji akijifungua. Hilo Embu halina mjadala. Marcella aliomba viza akanyimwa. Ubalozini walimuuliza kitu gani kitamrudisha nyumbani, naye akawaambia ana ng'ombe wa kukamua, jibu ambalo angelitoa mtu yeyote mwenye akili, lakini yule msichana wa dirishani hakuwa na ng'ombe. Viza ikapewa Gatakaa, mama yake Muthomi, mume wa Karimi. Gatakaa ni Mmeru wa Timau, mwanamke wa shoka, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya shamba la ngano. Akapanda ndege. Mtoto akazaliwa wa kike, na kwa kuwa msichana wa kwanza huitwa jina la mama wa baba yake, mtoto akawa Gatakaa pia. Marcella hakuweza kulalamika, maana hata Karimi mwenyewe aliitwa kwa mama yake Mwalimu. Lakini hesabu ilikuwa imemwendea vibaya. Mwenzake alikuwa na viza, na mtoto, na jina. Kwa Marcella kulikuwa kumebaki uji.

Na uji bila chachu, Marcella husema, ni maji moto yaliyopakwa rangi. Chachu yake aliletewa na mama yake ndani ya kibuyu siku ya harusi, na mama yake aliipata hivyohivyo. Karimi alikua akiinywa. Unga ungeweza kupikwa na yeyote mwenye sufuria, hata mtu wa Timau, lakini ile ladha ya uchachu ilikuwa ya Marcella peke yake. Hiyo ndiyo aliyotaka ifike.

*

Runji aliwapa karatasi ambayo yeye aliiita waybill, yenye namba ya tarakimu kumi na moja. Ukiiandika kwenye simu, alisema, utaona mzigo wako uko wapi duniani. Mwalimu hakuiamini karatasi, kwa hivyo walipofika nyumbani aliinakili namba ile kwa herufi kubwa kwenye mlango wa jikoni, kwa chaki aliyoinunua mwenyewe.

Hapo ndipo mambo yalipotoka mikononi mwao. Wanawake wa kikundi ndio waliochanga ule unga, kila mmoja kibaba chake, na mtu akichanga huwa na haki ya kuuliza. Waliokuja kusalimia waliiona namba mlangoni, wakaiingiza kwenye simu zao. Kufikia Jumamosi, Kianjokoma nzima ilikuwa inafuatilia katoni. Muuza mboga alimwita Marcella kutoka upande wa pili wa barabara kumwambia imepokelewa. Mwenye posho mill ya kusagia unga alimwambia imeandikiwa ndege. Mwalimu, aliyezoea kuwa wa kwanza kujua mambo ya Kiingereza katika sehemu ile, aliumia moyoni, akaanza kuamka mapema.

Jumapili, wakati wa maombi ya mahitaji, Ednah, mwenyekiti wa kikundi, alisimama akaombea wagonjwa, akaombea mvua, akaombea mzigo. Mzigo aliutaja kwa namba, tarakimu zote, ili Mungu asiuchanganye na wa mtu mwingine. Kanisa likasema amina. Mzee mmoja wa viti vya nyuma akaomba arudie zile tatu za mwisho.

Mchana huo simu ya Mwalimu ilisema katoni imeondoka Nairobi. Marcella alitoka nje akatazama juu, ingawa alijua ni upuuzi, kisha akarudi ndani kukaanga kabeji.

*

Gatakaa hakuwa mtu wa kukaa kimya. Jumatatu alituma picha ya bakuli yenye kitu cheupe, na sauti yake ikafuatia ndani ya simu, kubwa mpaka paka akatoka chini ya meza.

"Mkwe, habari ya huko. Sisi tuko sawa. Usisumbuke kutuma vitu, hapa duka iko chini ya nyumba, unashuka tu na lifti. Huyu mtoto wako nimempikia oats."

Marcella aliisogeza picha karibu na macho. "Hii ni gundi," alisema. "Baba Karimi, si hii ndiyo mlikuwa mnabandikia karatasi shuleni?"

"Ni shayiri," Mwalimu alisema. "Wazungu huwapa farasi."

"Basi Karimi amekuwa farasi."

Alicheka, lakini kicheko hakikumshuka tumboni. Jioni Karimi mwenyewe alipiga simu, akiongea kwa sauti ya chini kama mtu aliyejificha bafuni, na kweli alikuwa bafuni.

"Mami, chakula hakipiti. Mtoto analia, maziwa hayatoshi. Nesi anasema nikule lakini kila kitu ni kama karatasi."

"Na mama yake Muthomi anafanya nini?"

"Anajaribu, Mami. Anapika siku yote. Hata yeye mwenyewe hali kitu."

Hayo maneno ya mwisho Marcella hakuyatilia maanani, na kwa hilo mimi namlaumu kidogo. Alikuwa amesikia tu kwamba mwanawe ana njaa na uji uko njiani. "Vumilia," alimwambia. "Unakuja. Baba yako anauona kwenye simu."

*

Alhamisi kikundi kilikutana kwa Marcella, wakamenya ndizi za kupika huku wakizungumza. Mwalimu alitoka sebuleni ameshika simu kwa mikono miwili. Uso wake ulikuwa ule wa kusoma matokeo ya mtihani.

"Imeshushwa," alisema.

"Kanada?" Ednah aliuliza.

"Hapana. Hapo kati, Uarabuni, pale inapobadilisha ndege. Imeshushwa, halafu wameandika kuna tofauti, halafu wameandika imezuiliwa."

"Tofauti gani?"

"Hawajasema. Wazungu wakisema kuna tofauti huwa ni kitu kibaya."

"Wamekula njahi," Ednah alisema.

"Nani anakula njahi mbichi?" Veronicah, mweka hazina, alimpinga. "Ni unga. Wamefikiria ni ile dawa ya kulevya."

Wakaanza kubishana kuhusu rangi ya unga wa wimbi na rangi ya dawa ya kulevya, ambayo hakuna aliyewahi kuiona, mpaka simu ikalia. Alikuwa Runji. Mwalimu akaongeza sauti ili wote wasikie, maana asingefanya hivyo wangemsogelea mpaka wamwangushe.

"Mwalimu, salama? Wenye ndege wamenipigia. Wanasema katoni imevimba."

"Imevimba vipi?"

"Kama tumbo. Na inatoa sauti. Polepole hivi, psss. Wameiweka peke yake kwa chumba, wamewaondoa wafanyakazi. Wanauliza kama mliweka kitu iko na uhai."

"Kijana," Mwalimu alisema, "mimi niliweka sahihi."

"Ndiyo maana nauliza, Mwalimu."

Marcella alikuwa ameinama juu ya karai, anamenya kwa bidii ndizi ambayo ilikuwa imekwisha kumenywa.

"Marcella," mumewe alimwita.

Wanawake wakaacha visu. Kwa kawaida alimwita Mama Karimi. Jina lenyewe alilitumia hospitalini tu, na mbele ya chifu.

"Ni chachu," Marcella alisema bila kuinua kichwa. "Chachu tu. Kidogo. Chupa ya jemu."

Mwalimu alitafuta kiti kwa mkono nyuma yake, akaketi. "Nimedanganya ndege," alisema. "Mimi, Ndambiri."

Hakuna aliyemjali. Ednah alikuwa amemsogelea Marcella. "Uliifunika na nini?"

"Na kifuniko."

"Kifuniko ya chupa?"

"Ndiyo."

"Ukakaza?"

"Nilikaza."

Wanawake wote wakaguna kwa pamoja. Veronicah alishika kichwa.

"Mama Karimi, mtu mzima kama wewe," Ednah alisema. "Chachu inafungwa? Hata mtoto anajua inafunikwa na jani la mgomba, ipumue."

"Ingemwagikia unga."

"Na sasa imemwagikia ndege."

"Hakuna anayeuliza kuhusu sahihi yangu?" Mwalimu alisema kutoka kitini.

"Mwalimu," Ednah alimjibu kwa upole, "sahihi haijavimba."

Runji bado alikuwa kwenye simu, na alikuwa amesikia yote. Akasema wenye ndege wanataka maelezo kwa maandishi leo hii, na wanataka ruhusa. Ama watoe hicho kitu wakitupe na vingine viendelee na safari, ama wakikatazwa, waichome katoni yote.

Mwalimu akaleta karatasi. Aliandika kwa Kiingereza na kuwasomea kwa Kiswahili, na Marcella akasimama nyuma yake.

"Waambie si sumu," alisema. "Na si bomu. Ni ya kuchachua uji wa mzazi."

"Nimeandika ni kiungo cha asili cha chakula."

"Waambie nilipewa na mama yangu siku ya harusi, naye alipewa na mama yake."

"Hiyo haiwahusu wenye ndege."

"Wewe andika."

Akaandika. Alipomaliza alingoja kalamu ikiwa juu ya karatasi, kwa sababu ruhusa yenyewe haikuwa imesemwa, na hakutaka kuisema yeye. Marcella aliitazama ile namba mlangoni. Aliona aibu, mbele ya marafiki zake, kwamba alifanya ujanja kama msichana wa shule na umemrudia. Lakini chini ya aibu kulikuwa na kitu kilichomuuma zaidi. Ile chachu ilikuwa ndiyo yeye. Ndiyo iliyokuwa iende badala yake.

"Andika waitupe," alisema, akaingia jikoni.

Wanawake hawakumfuata. Ednah aliosha vikombe vyote, hata vile ambavyo havikutumika, kisha wakaondoka.

*

Baada ya hapo katoni ilitembea vizuri, kama mtoto aliyechapwa. Ikaondoka Uarabuni, ikafika Kanada, ikakaguliwa, na mwishowe simu ikasema imekabidhiwa. Chini yake liliandikwa jina la aliyepokea. Gatakaa.

"Angalau imefika," Mwalimu alisema.

"Imefika kwa nani?"

Marcella aliingoja simu ya Gatakaa kama mtu anavyongoja sindano. Aliona kila kitu: katoni iliyopasuka, unga uliolowa, kitambaa cha kikundi kimekuwa tambara, na sauti ile ya shamba la ngano ikiuliza, mkwe, ulitutumia nini hapa. Alijiandalia majibu. Mengine yalikuwa na miiba, na aliyarudia akikamua ng'ombe, mpaka ng'ombe akaanza kukataa kutoa maziwa.

Simu haikuja. Wala picha. Mtu aliyekuwa akituma sauti kila siku alinyamaza kabisa. Karimi naye akiandikiwa alijibu tu, "Mami, subiri kidogo." Jumapili Ednah hakuiombea namba. Alimwuliza mlangoni mwa kanisa, "Imefika?"

"Imefika."

"Na?"

"Imefika tu."

Wiki ikaisha. Kisha siku moja, Marcella akichagua mawe kwenye mchele, simu ya Mwalimu ikalia, na ilikuwa ile ya kuonana. Mwalimu akaiegemeza kwenye birika. Uso wa Gatakaa ukajaza kioo. Marcella aliyaita majibu yake yote yasimame tayari, lakini kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa kifungo kinachokosekana.

"Mkwe, nisamehe," Gatakaa alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nimevaa sweta yako. Hapa kuna baridi, ukilinganisha Timau ni Mombasa."

"Vaa tu," Marcella alisema. Hilo halikuwa kwenye majibu aliyoandaa.

"Hiyo katoni ilikuja imepasuliwa, imefungwa tena na utepe. Juu wamebandika barua ya Mwalimu. Nikaisoma. Nikasoma ile ya mama yako na mama yake. Chupa walikuwa wametoa. Lakini kitambaa walikiacha. Kilikuwa kimekauka, kigumu kama ngozi, kinanuka. Muthomi akataka kukitia kwa mashine ya kufua."

Marcella alishika ukingo wa meza.

"Nikamwambia wacha hiyo kitu. Nikakinusa. Mkwe, mimi nimelelewa na wimbi, siwezi kupotea. Nikakiloweka na maji ya vuguvugu, nikatia unga wako, nikaweka karibu na ile chuma inapasha nyumba joto. Ikakataa. Nikamwaga maji kidogo, nikaongeza unga. Ikakataa. Ndiyo sababu sikukupigia. Ningekuambia nini, nimeua chachu ya mama yako?"

"Na sasa?"

"Juzi ikapanda."

Alisogeza simu. Karimi alikuwa ameketi kitandani, mtoto amelala begani, kikombe kikubwa kimemfunika nusu ya uso. Alikishusha. Juu ya mdomo alikuwa na masharubu ya kahawia, yaleyale aliyokuwa nayo akiwa wa kwenda shule.

"Mami," alisema, "ni yako."

Akarudi kwenye kikombe. Mwalimu alivua miwani, akaipangusa, akaivaa, akaivua tena. Marcella alitaka kusema kitu kikubwa, cha kufaa, lakini mtu ni mtu, na neno lililotoka lilikuwa lile la zamani, la ushindani.

"Kwa hivyo Karimi ndiye alionja kwanza?"

Gatakaa akarudi kwenye kioo. Alitazama mlango upande wake, akatazama chini.

"Hapana," alisema. "Ya kwanza nilikunywa mimi. Nilisema nionje tu nijue kama imekubali. Nikasimama hapo jikoni nikamaliza kikombe chote, nikalia. Tangu nifike hii nchi sijaonja kitu iko na ladha. Nilikuwa natuma picha kila siku nikijidanganya. Mtoto wako nilimpa ya pili. Nisamehe, mkwe."

Marcella alitafuta majibu yake yenye miiba. Hakuona hata moja. Aliona tu mwanamke wa Timau aliyezoea kuitia watu ng'ambo ya shamba, amefungiwa ndani ya nyumba ya lifti, anaomba msamaha kwa kikombe cha uji.

"Umeifunika na nini?" aliuliza.

"Kufunika nini?"

"Hiyo chachu."

"Na kitambaa tu. Sikufunga."

"Vizuri. Isifungwe." Marcella alivuta kiti, akaketi karibu na birika. "Kunywa, mkwe. Kunywa mpaka utosheke, unga nitatuma mwingine. Lakini hao watu wa ndege wanalipisha hewa, kwa hivyo katoni lazima ijae. Hebu niambie, unavaa kiatu namba ngapi?"